Maana na Asili ya "Krono"

Mtu asomaye vitabu vya Kiingereza, au vya Kifaransa, au vya Kijerumani, haendi mbali asikutane na jamaa moja ya maneno yenye kipande kimoja ndani yake. Nahodha ana kronometa. Mwandishi wa habari za wafalme ameandika kronika. Mwalimu wa historia asema habari za kronolojia. Daktari naye aandika katika cheti cha mgonjwa kwamba maradhi yake ni ya kroniki. Kwa kuyatazama tu, mtu angedhani maneno haya hayana ujamaa: moja ni la bahari, moja la vitabu, moja la kitanda cha mgonjwa. Lakini ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni neno la Kiyunani. Twataka kulieleza neno hilo, kwa kuwa mwalimu akiisha kulijua hufungua milango mingi kwa ufunguo mmoja. Tena kwa kuwa jambo litajwalo na neno hilo, watu wakilikosea, huwapatia hasara ya kweli, baharini, na katika kusoma Maandiko, na hata nyumbani penye mgonjwa.

Neno lenyewe kwa Kiyunani ni "khronos", na maana yake ni wakati. Si wakati kwa maana ya nafasi njema, wala kwa maana ya majira ya kulima; ni wakati upitao, wenye urefu, uwezao kupimwa na kuhesabiwa, siku hata siku na mwaka hata mwaka. Kiswahili chetu kina neno lililo karibu nalo sana, nalo ni "muda". Mtu akisema, "Alikaa muda mrefu ugenini," amesema jambo ambalo Myunani angalilisema kwa khronos. Wayunani walipotaka kuliunga neno hili na jingine, waliukata mwisho wake, ile "os", wakabakiza shina, wakatia "o" ya kuungia. Ndipo ilipopatikana krono. Ikiungwa na "logos", yaani neno au hesabu, twapata kronolojia, ndiyo elimu ya kupanga mambo kwa miaka yake. Ikiungwa na "metron", yaani kipimo, twapata kronometa, ambalo ni neno la siku za karibu tu, lililotungwa na watu wa Ulaya kwa vipande vya kale. Ama khronos lenyewe lilitoka wapi kabla ya kuwa la Kiyunani, wataalamu hawajapatana mpaka leo.

Herufi yake ya kwanza ni khi, iandikwayo kama msalaba uliolala. Warumi waliiandika kwa "ch", na Waingereza wakairithi hivyo, lakini huitamka kama "k". Kwa hiyo mtoto wa shule akiisoma kama "ch" ya "chai", asipigwe. Macho yake hayakumdanganya, ila desturi ya Waingereza. Herufi hiyo ya khi, pamoja na ile ya ro inayoifuata, ndizo zilizo mwanzo wa jina la Kristo pia katika Kiyunani. Wako watu wapendao kujenga mahubiri marefu juu ya jambo hilo, kana kwamba jina la Mwokozi limetoka katika neno la wakati. Haifai. Kristo maana yake ni mpakwa mafuta, na shina lake ni kupaka. Maneno mawili kufanana katika mwanzo si udugu. Kwetu pia mtu hupaka mafuta, na paka hulala jikoni, wala hakuna amwambiaye mtoto kwamba hayo ni mamoja.

Kosa la namna hiyohiyo, lakini kubwa zaidi, walilifanya Wayunani wenyewe. Walikuwa na hadithi ya Kronos, mungu wao wa kale, baba wa Zeu, aliyewameza watoto wake walipozaliwa kwa hofu ya kunyang'anywa ufalme. Jina hilo huandikwa kwa herufi nyingine, kapa, wala si khi, na halina uhusiano uliothibitishwa na neno la wakati. Lakini sikio lilisikia Kronos na khronos, na akili ikapendezwa: je, wakati nao haumezi watoto wote iliowazaa? Cicero Mrumi, katika kitabu chake juu ya tabia ya miungu cha mwaka 45 kabla ya Kristo, alikwisha kuyafanya maneno hayo mawili kuwa moja, na Plutarch alisema kwamba ndivyo Wayunani walivyoifasiri hadithi hiyo. Kronos alikuwa na mundu katika hadithi. Basi wachoraji wa Ulaya wakamchora Wakati kama mzee mwenye ndevu na mundu mkono wake. Picha ni nzuri. Ila mwalimu akiulizwa asili ya krono, asiseme imetoka kwa mungu huyo.

Sasa twafika mahali palipo na utajiri, nasi tutakawia kidogo. Wayunani walikuwa na neno la pili kwa wakati, nalo ni "kairos". Hilo halipimi urefu. Hutaja wakati ufaao, saa ya jambo, kama vile wakati wa mavuno, au ile nafasi ambayo mpiga mishale huiona akaachilia uzi. Maneno haya mawili yamewekwa pamoja katika Matendo ya Mitume, mlango wa kwanza, mstari wa saba, wanafunzi walipomwuliza Bwana habari za ufalme. Wafasiri wa Kiswahili waliliweka "nyakati" mahali pa khronos na "majira" mahali pa kairos, nasi twaona walichagua vema. Majira kwetu ni ya mvua, ya kaskazi, ya kupanda. Tena wanamaji huliita majira lile jira la chombo baharini. Katika Kiyunani cha leo kairos limefika kuwa na maana ya hali ya hewa, na khronos hutumika pia kwa mwaka mzima. Wayunani wakitakiana heri siku ya sikukuu hutakiana miaka mingi kwa neno litokalo katika khronos.

Lakini hapa yafaa tahadhari. Katika miaka ya karne ya 20 walimu wengi wa dini huko Ulaya walijenga ukuta mrefu kati ya maneno haya mawili. Walisema khronos ni wakati wa wanadamu, mtupu, upitao kama maji; na kairos ni wakati wa Mungu, uliojaa maana. Mwaka 1962 James Barr, mtaalamu wa Kiebrania, alitoa kitabu juu ya maneno ya Biblia yahusuyo wakati, akaonyesha kwamba ukuta huo hausimami. Na msomaji aweza kujaribu mwenyewe. Mtume Paulo, awaandikiapo Wagalatia katika mlango wa nne habari za utimilifu wa wakati ambao Mungu alimtuma Mwanawe, ametumia neno gani? Khronos. Na awaandikiapo Waefeso katika mlango wa kwanza juu ya utimilifu wa namna hiyohiyo ametumia kairos. Basi maneno hayo yana tofauti, lakini si tofauti ya mchana na usiku. Mara nyingine hukaa nyumba moja. Mhubiri ajengaye mafundisho makubwa juu ya neno moja peke yake, asitazame maneno yaliyo kandokando yake, hujenga juu ya mchanga, hata kama neno hilo ni la Kiyunani.

Tuje katika vitabu viwili ambavyo kila nyumba ya Kikristo inavyo, Mambo ya Nyakati. Katika Kiebrania jina lake ni mambo ya siku. Wale waliofasiri Agano la Kale kwa Kiyunani kabla ya Kristo waliviita kwa neno lenye maana ya mambo yaliyoachwa, kana kwamba ni makombo yaliyobaki baada ya vitabu vya Wafalme. Jina lisilo na heshima, twaweza kusema. Ndipo Hieronimo, yule aliyefasiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya nne, aliposema kwamba vyastahili zaidi kuitwa kronika ya historia yote takatifu. Shauri lake likashika mizizi baadaye, na kwa njia hiyo Waingereza wana jina lenye krono ndani yake. Kiswahili kimefika mahali palepale kwa maneno yake chenyewe.

Hieronimo alikuwa na sababu ya kulipenda neno hilo. Alikuwa amefasiri kazi kubwa ya Eusebio, askofu wa Kaisaria, wa mwanzo wa karne ya nne. Eusebio alikusanya miaka ya mataifa, ya Waebrania, ya Waashuri, ya Wamisri, ya Wayunani na ya Warumi, akaipanga kwa safu zilizosimama bega kwa bega katika ukurasa, hata msomaji akiweka kidole juu ya mfalme mmoja wa Yuda aliweza kukivuta kando na kuona ni nani aliyetawala kwingine mwaka huohuo. Jambo hilo la kuweka nyakati mbili pamoja huitwa sinkronia, "sin" ikiwa ni "pamoja". Luka naye amelifanya mwanzoni mwa mlango wake wa tatu: ataja mwaka wa 15 wa Tiberio, kisha Pilato, Herode, Filipo, Lisania, Anasi na Kayafa, watu saba kwa kuitia nanga siku moja ya Yohana jangwani. Kwa kuwa Tiberio alianza kutawala mwaka 14, twajua kwamba jambo hilo ni la karibu na mwaka 28 au 29.

Vitabu vya Wafalme vimejaa sinkronia za namna hii, na hizo ziliwatia walimu jasho karne nyingi. Chukua mfano mmoja. Katika kitabu cha pili, mlango wa kwanza, mstari wa 17, twaambiwa Yehoramu wa Israeli alianza kutawala katika mwaka wa pili wa Yehoramu wa Yuda, mwana wa Yehoshafati. Fungua mlango wa tatu, mstari wa kwanza: yeye yule alianza katika mwaka wa 18 wa Yehoshafati mwenyewe. Je, baba alikuwa akitawala au mwana? Wengi wasioamini walicheka hapa, na wengi walioamini walifunika ukurasa upesi. Mwaka 1951 Edwin Thiele alitoa kitabu juu ya hesabu za wafalme hawa, baada ya kazi ya miaka mingi, akaonyesha kwamba mambo haya hupatana mtu akijua desturi za kuhesabu. Mara nyingine mwana alitiwa katika ufalme baba yake angali hai, wakatawala pamoja. Basi mwaka wa pili wa mwana na mwaka wa 18 wa baba vyaweza kuwa mwaka mmoja. Tena, mfalme akitawazwa katikati ya mwaka, wengine walikihesabu kile kipande kilichobaki kuwa mwaka wake wa kwanza, na wengine walingoja mpaka mwaka mpya. Sisi hatuwezi kulishangaa jambo hilo. Kutoka Ijumaa jioni hata Jumapili alfajiri twahesabu siku tatu, wala hatusemi uongo. Twahesabu vipande kama siku. Si kila hesabu ya Thiele iliyokubaliwa na wote, lakini njia yake ndiyo ambayo wengi waliifuata baada yake.

Hata hivyo hesabu yote hii huelea kama mashua isiyo na nanga, mpaka tarehe moja ipatikane kwa hakika. Nanga ilipatikana Ashuru. Waashuri waliuita kila mwaka kwa jina la mkubwa mmoja wa serikali, wakaweka orodha ya majina hayo. Na penye mwaka mmoja waliandika kwamba jua lilipatwa. Wanajimu wameuhesabu mwendo wa jua na mwezi kurudi nyuma, wakaona kupatwa huko kulikuwa tarehe 15 Juni mwaka 763 kabla ya Kristo. Kutoka hapo orodha yahesabika mbele na nyuma. Vita vya Karkari, ambavyo mfalme Shalmaneseri wa tatu aliandika juu ya jiwe kwamba Ahabu wa Israeli alikuwa miongoni mwa adui zake, vilikuwa mwaka 853. Ndivyo kivuli kilichoufunika mji wa kipagani kwa dakika chache kilivyotupa sisi miaka ya Ahabu.

Kazi ya kuhesabu ina hatari zake pia. Miaka yetu yenyewe, tunayoihesabu tangu kuzaliwa Kristo, ilipangwa na mtawa Dionisio huko Rumi mwaka 525. Alikosa kidogo. Herode Mkuu, kwa hesabu ya wataalamu walio wengi, alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo, naye Bwana alizaliwa Herode angali hai. Basi hakuna ubishi wa maana kwamba miaka yetu imepungukiwa na michache. Mwaka 1650 James Ussher, askofu mkuu wa Armagh katika Ireland, alitoa kitabu chake cha kuhesabu miaka yote ya dunia, akafikia mwaka 4004 kabla ya Kristo kuwa mwaka wa kuumbwa. Alikuwa msomi wa kweli, wala si mtu wa kuchekwa. Lakini tangu mwaka 1701 hesabu zake zilipigwa chapa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na vizazi vya watu vikazisoma kana kwamba Musa ndiye aliyeziandika. Na huko Marekani, wafuasi wa William Miller walihesabu miaka katika Danieli wakatazamia kurudi kwa Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine hawakuvuna mashamba yao mwaka huo. Siku ikapita kama siku zote. Ule mstari wa Matendo tulioutaja, wenye maneno mawili ya wakati, walikuwa nao mikononi.

Kwetu pwani kazi ya kronolojia haijaisha. Habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu, na zilizofupishwa kwa Kireno na João de Barros katika kitabu cha mwaka 1552, zataja masultani mmoja baada ya mwingine. Lakini miaka yao haipatani vema, na miaka ya Hijra ina siku 354 tu, hata miaka 33 ya Hijra hukaribia miaka 32 ya jua. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka Sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Fedha zake zina jina lake lakini hazina mwaka. Kisha, mwaka 1984, hazina ya fedha zaidi ya 2,000 ilipatikana Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, na miongoni mwake zilikuwamo fedha za Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri, ambazo zina miaka, nazo ni za karne ya 11. Basi sultani huyo amerudishwa nyuma zaidi ya miaka 100, kwa kuwa fedha zake zilifukiwa pamoja na za wengine. Hiyo nayo ni sinkronia, ya udongoni.

Liko neno jingine, anakronia, litajalo kosa la kukiweka kitu katika wakati usio wake. Shakespeare amepiga saa ya kengele katika mchezo wake wa Julius Caesar, na saa za namna hiyo hazikuwako Rumi ya kale. Mtoto achoraye Abrahamu mwenye saa ya mkono amefanya kosa lilelile la bwana mkubwa huyo. Lakini iko anakronia moja ambayo Mswahili ameepushwa nayo, na Mwingereza huianguka kila siku. Katika Injili saa zilihesabiwa tangu kucha. Wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 waliajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Msomaji wa Kiingereza lazima aambiwe kwamba saa kumi na moja si mchana mkuu karibu na adhuhuri. Kwake neno hilo halina jua. Mswahili asomapo ajua mara moja: jua lakaribia kuchwa, majembe yanafutwa udongo, na mtu huyu ndiyo kwanza aajiriwe. Ndivyo ilivyo na giza la Kalvari, lililoanza saa sita na kwisha saa tisa. Tofauti ni moja tu: kule Yerusalemu mchana wa kiangazi hupita saa 14 na wa baridi hupungua hata 10 na kitu, nao waliugawanya mchana wote kwa 12, basi saa yao ilirefuka na kufupika, kwetu sisi karibu na ikweta hukaa vilevile.

Sasa kronometa. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika nne. Nahodha aliye na saa ishikayo wakati wa Greenwich bila kukosea, akitazama adhuhuri ya jua mahali alipo, ajua umbali wake wa mashariki au magharibi. Unguja iko kama digrii 39 na sehemu mashariki ya Greenwich; kwa hiyo jua hufika utosini Unguja zaidi ya saa mbili na nusu kabla ya kufika utosini Greenwich. Lakini saa ikikosea sekunde nne tu, nahodha aliye ikweta amekosea maili moja ya bahari. Saa za zamani zilikosea dakika nyingi melini, kwa kutikisika, na joto, na unyevu. Mwaka 1707 merikebu nne za vita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku, wakubwa wake wasijue walipo, na watu zaidi ya 1,000 wakafa maji pamoja na amiri wao. Mwaka 1714 serikali ikaahidi pauni 20,000 kwa atakayevumbua njia ya hakika.

Aliyevumbua ni John Harrison, mwana wa seremala, fundi ambaye hakusomeshwa kazi ya saa na mtu. Alitengeneza saa nne kwa muda wa miaka 30 na zaidi. Ya nne, iliyokwisha mwaka 1759, si kubwa kuliko sahani ndogo. Mwanawe William akaipeleka Jamaika mwaka 1761, na ilipofika ilikuwa imekosea kama sekunde tano tu. Hata hivyo mabwana waliowekwa kuhukumu walimzungusha miaka, wakitaka jaribio hili na lile, na malipo yake ya mwisho aliyapata mwaka 1773, akiwa mzee wa miaka 80. Livingstone alizichukua kronometa barani kwetu. Januari mwaka 1867 mchukuzi wake akaanguka nazo, zikatikisika, na tangu hapo ramani zake zikawa na kosa la maili nyingi bila ya yeye kujua. Ama siku zenyewe, Stanley aandika kwamba walikutana Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, na shajara ya Livingstone yaliweka jambo hilo mwishoni mwa Oktoba.

Limebaki neno la daktari, na kwa nyumba nyingi hilo ndilo zito kupita yote. Waganga wa Kiyunani waliyagawanya maradhi mafungu mawili: makali, yajayo kwa ghafula na kwisha upesi kwa kupona au kwa kufa, na ya "khronios", yaani ya muda mrefu. Aretaio wa Kapadokia aliandika vitabu juu ya mafungu yote mawili. Angalia kwamba neno hilo halisemi maradhi ni mabaya, wala hayana dawa, wala yatamwua mtu. Lasema urefu tu. Kwa Kiswahili wengi hufasiri "ugonjwa sugu", na sugu ni neno la nguvu: ni ile alama ngumu ya ngozi iliyosuguliwa mahali pamoja siku nyingi. Lakini siku hizi sugu limechukua kazi ya pili. Kifua kikuu sugu ni kile ambacho vijidudu vyake vimeishinda dawa, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo mtu akiambiwa kisukari chake, au shinikizo lake la damu, au kifafa cha mtoto wake, ni ugonjwa sugu, aweza kusikia kwamba dawa imeshindwa. Akaenda nyumbani akaacha vidonge, au akauza mbuzi ampelekee mganga wa ramli. Wengine huacha kwa sababu iliyo kinyume: wajisikia wazima mwezi mmoja wakadhani imekwisha, nao ni uzima ulioletwa na vidonge vyenyewe.

Ukimwi ulipoanza kujulikana katika miaka ya 1980 ulihesabiwa katika maradhi yauayo. Tangu mwaka 1996, dawa zilipoanza kutolewa kadha kwa pamoja, mwenye kuzimeza kila siku huishi miaka mingi, akalea watoto wake na kuona wajukuu. Na madaktari sasa huuweka katika fungu la maradhi ya khronios. Tungependa walimu, wakiombwa kusoma cheti cha mgonjwa, waseme "ugonjwa wa muda mrefu", kisha wamsaidie kuuliza mambo mawili kabla hajaondoka dirishani: dawa hizi ni za siku ngapi, na nirudi lini kuchukua nyingine.